Nimeshindwa kumaliza kipimo cha moyo cha tredmili kwa sababu ya uzito. Kuna njia nyingine?

Mwl_Pangani ameuliza:

Wakuu habari za jioni, na wakubwa wote mliomo humu shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, mwanamke wa miaka 46. Urefu sentimita 162, uzito kilo 148. Presha ninayo, natumia amlodipine na losartan. Sukari iko sawa.

Tatizo langu ni pumzi. Nikikaa sina shida hata kidogo. Nikipanda ngazi za ghorofa moja kwenda kidato cha tatu, nafika juu siwezi kuita majina mpaka nishike meza nitulie kwanza. Usiku nalalia mito miwili. Jioni miguu inavimba, nikivua soksi alama inabaki.

Nilipewa rufaa kwenda Dar. Eko ya moyo (picha ya mawimbi ya sauti) nikiwa nimelala: EF asilimia 62, wakaandika kawaida. Kuna mstari umeandikwa E/e' 11, hakuna aliyenieleza ni nini. ECG kawaida. Damu ya NT-proBNP, ile homoni inayopanda moyo ukielemewa, wakasema haijapanda. Kisha nikapandishwa tredmili. Mashine ilianza ikiwa imeshainuka mbele kama kilima. Goti la kulia likaanza kuuma, nikashika vyuma kwa mikono yote miwili, na kabla dakika tatu za mwanzo hazijaisha nikaomba wasimamishe. Mapigo yalifika 128. Ripoti inasema kipimo hakikukamilika, mgonjwa hana stamina. Daktari akaniambia moyo ni mzima, ni uzito tu, nenda kapungue.

Sikatai kupungua, nimeanza. Ila naomba kueleweshwa mambo mawili. Kipimo kilichokatishwa kinawezaje kusema moyo ni mzima? Na kwa mtu wa kilo zangu, kuna njia gani ya kuutazama moyo ukiwa kazini?

---

Mzee_wa_Kahama amejibu:

Pole sana mwalimu. Mimi si daktari. Mke wangu alikuwa anahema hivyo hivyo. Akaacha ugali wa usiku na soda, akashuka, leo anatembea mpaka shamba na kurudi. Ushauri wangu usimalize hela kwa vipimo. Shuka kwanza, mengine yatajipa.

---

Fundi_Eko_Mwanza amejibu:

Mzee wangu wa Kahama, shikamoo, na hongera kwa mama. Hapa naomba nikupinge kwa heshima. Mwalimu ametaja mito miwili na pumzi inayokatika kwenye ngazi za ghorofa moja. Mtu wa namna hiyo haambiwi asubiri mpaka apungue ndipo moyo wake utazamwe. (Miguu naiweka pembeni kidogo, kwa sababu amlodipine yenyewe huvimbisha miguu ya baadhi ya watu. Peke yake haitoshi kuhukumu.)

Mwalimu, kazi yangu ni kupiga eko. Swali lako la kwanza nalijibu bila kuzunguka: hakiwezi. Hesabu inayotumika sana ni 220 kutoa umri, halafu asilimia 85 ya jibu. Kwa miaka 46 ni 174, na asilimia 85 yake ni kama 148. Wewe uliishia 128. Kipimo kilichosimama hapo hakijasema moyo ni mzima wala ni mgonjwa. Aliyeandika "hakikukamilika" aliandika sawa. Tatizo ni pale neno hilo lilipofika mdomoni likawa "mzima".

Kwa maelezo yako, ulipimwa kwa utaratibu wa Bruce, uliotungwa na Robert Bruce, daktari wa moyo wa Seattle, Marekani. Hatua ya kwanza ni kilomita 2.7 kwa saa, mwinuko wa asilimia 10, dakika tatu. Ya pili ni kilomita 4 kwa saa, mwinuko wa asilimia 12. Kijana wa kilo 65 hatua ya kwanza kwake ni matembezi. Wewe unabeba kilo 148 kupandisha kilima tangu sekunde ya kwanza, na goti ndilo linalolipa. Upo utaratibu wa Bruce uliolegezwa: dakika tatu tambarare, tatu nyingine mwinuko wa asilimia 5, ndipo unafika kwenye ule wa 10. Kama tredmili ndiyo pekee iliyokuwepo, ungeanzia huko. Na kushika vyuma nako kunaharibu hesabu, maana mikono inapobeba sehemu ya mwili, kazi inayoandikwa na mashine inakuwa kubwa kuliko kazi iliyofanywa.

Lakini kwa malalamiko yako mimi nisingekupandisha tredmili kabisa. Ningekuweka kwenye baiskeli ya kulalia.

Ni kitanda chenye pedali upande wa miguuni. Unaegemea nusu kulala, nyayo zinafungwa kwenye pedali, kitanda kinainamishwa kidogo upande wa kushoto ili moyo usogee karibu na ukuta wa kifua. Tunaanza na wati 20 au 25, tunaongeza kidogo kila baada ya dakika mbili au tatu. Uzito wako umebebwa na kitanda. Na faida kubwa ni kwamba mimi napiga picha huku unakanyaga. Kwenye tredmili, picha hupigwa ukishashuka, na tunatakiwa kuzimaliza ndani ya dakika moja hivi kabla moyo haujatulia. Hebu fikiria mtu mzito, anahema, magoti yanauma: ashuke, apande kitandani, ageukie ubavu wa kushoto, halafu mimi nianze kutafuta nafasi kati ya mbavu. Dakika imekwisha! Picha zinazopatikana hapo ni za moyo uliokwishaanza kupumzika, na mgonjwa anarudishwa nyumbani nazo kama jibu. Jambo hili linaniuma sana, kwa sababu watu hawa wamesafiri, wamelipa, na wamejikaza mbele ya wageni.

Sasa huo mstari wa E/e'. EF inasema moyo unakamua damu kiasi gani. Wako unakamua vizuri, asilimia 62. Haisemi moyo unapokea damu kwa urahisi kiasi gani. Msuli uliokaza haulegei upesi, kwa hiyo damu inaingia kwa shinikizo, shinikizo linarudi nyuma mpaka kwenye mapafu, na ndipo pumzi inapokata. E ni kasi ya damu inayoingia chemba ya chini kushoto, e' ni kasi ya msuli wenyewe unapolegea. Ukizigawanya unapata makadirio ya hilo shinikizo. Ukiwa umetulia, 11 ni eneo la kijivu. Tunachotaka kujua ni inakwenda wapi ukifanya kazi. Ikibaki chini ya 10 na kasi ya damu inayovuja kwenye vali ya trikaspidi (ile ya upande wa kulia wa moyo) ikabaki chini ya mita 2.8 kwa sekunde, tunapumua. E/e' ikivuka 14 na kasi hiyo ikavuka 2.8, moyo unaanza kueleza kwa nini huwezi kuita majina darasani.

Watu wengi wenye shida ya namna hii, wakilala kimya kitandani moyo unaonekana hauna neno. Ndiyo maana eko ya kulala peke yake haitoshi kwako.

---

Saumu_Likoni amejibu:

Hujambo dadangu mwalimu. Mimi ni wa Mombasa, nimeipanda hiyo baiskeli anayosema ndugu hapo juu, nikiwa na kilo 139. Nilifanyiwa Nairobi.

Nikwambie kile ambacho madaktari hawakwambii. Ukilala chali na tumbo kubwa, kila goti likipanda linalisukuma tumbo juu na pumzi inabanwa. Mwanzoni nilidhani ndio moyo. Nikamwambia yule dada wa kipimo, akauinua mgongo wa kitanda, mara nikaweza. Wewe sema mapema, usione haya. Paja nalo liliwaka moto nilipofika wati 50, lakini goti halikuuma kabisa.

Nikiwa nimetulia ile kasi ya vali ilikuwa 2.4. Nikikanyaga ikapanda hadi 3.3, na E/e' ikafika 16. Miaka mingi nilikuwa naambiwa nimenenepa tu. Nilipoona zile namba kwenye skrini nililia, dadangu, kwa afueni. Nilianzishiwa empagliflozin (dawa ya sukari inayosaidia pia moyo) na dawa ya maji, na mazoezi ya polepole chini ya uangalizi. Nyumbani nilikuwa nikipanda feri nakaa chini pale pale; sasa navuka nimesimama.

Kabla hujasafiri, piga simu uulize kitanda chao kinabeba kilo ngapi. Mimi mahali pa kwanza nilifika, nikapimwa uzito, nikaambiwa siwezi kupanda. Nauli ikaenda bure.

---

Tabibu_wa_Marangu amejibu:

Nimesoma uzi wote. Mimi ni daktari wa magonjwa ya ndani. Fundi amesema vizuri, naongeza upande wa tafsiri.

Kwanza, NT-proBNP. Kwa watu wanene homoni hii huwa chini kuliko kwa wembamba wenye ugonjwa ule ule. Kwa hiyo "haijapanda" kwa mtu mwenye BMI (uwiano wa uzito na urefu) ya 56 si hati ya kumwondolea moyo tuhuma. Ingepanda ingetusaidia. Kutopanda kwake hakutusaidii sana.

Pili, kuna alama zinazoitwa H2FPEF, zilizotolewa na watafiti wa Mayo Clinic mwaka 2018, za kukadiria kama pumzi inayokata inatokana na moyo unaokamua vizuri lakini unajaa kwa shida. BMI zaidi ya 30 ni alama 2. Dawa mbili au zaidi za presha, alama 1. Mapigo ya atria yasiyo na mpangilio, 3. Shinikizo la mshipa wa mapafu lililozidi 35, alama 1. Umri zaidi ya miaka 60, alama 1. E/e' zaidi ya 9, alama 1. Mwalimu ana 2 za uzito, 1 ya dawa, 1 ya E/e'. Jumla 4. Moja au sifuri, tafuta sababu nyingine. Kuanzia 6, uwezekano ni mkubwa hata bila kipimo zaidi. Kati ya 2 na 5 ndipo inapotakiwa kuupima moyo ukiwa kazini. Yaani mwalimu yuko katika kundi lile hasa ambalo kipimo hiki kilitengenezewa, halafu kikakatishwa na hakuna aliyepanga kingine. Hili halikubaliki.

Tatu, kuna kipimo cha kupumulia kwenye barakoa huku unakanyaga, kinachohesabu oksijeni unayotumia. Ni kizuri, lakini chunga namna kinavyosomwa. Tuseme mwalimu afike lita 2.0 za oksijeni kwa dakika. Kwa mwanamke wa umri na urefu wake hiyo ni nzuri. Gawanya kwa kilo 148: unapata mililita 13.5 kwa kilo kwa dakika. Tangu utafiti wa Mancini na wenzake wa 1991, namba chini ya 14 ni ile iliyotumiwa kuchagua wagonjwa ambao moyo wao umeshindwa kazi, wa kufikiriwa kubadilishiwa moyo! Mafuta hayatumii oksijeni kama msuli, kuyaweka kwenye mgao ni kumdhulumu mgonjwa. Omba ripoti iandike lita kamili pamoja na asilimia ya kinachotarajiwa kwa urefu na umri.

Hata unene wa kuta za moyo una mtego wa aina hii. Ukigawanya uzito wa msuli wa moyo kwa eneo la ngozi ya mtu mkubwa, moyo ulionenepa kuta unaonekana wa kawaida. Kwa watu hawa tunagawanya kwa urefu.

Na mwalimu, unakoroma? Kuna mtu amewahi kukwambia unakata pumzi usingizini? Hilo nalo hupandisha shinikizo la mapafu na lina matibabu yake. Hemoglobini na tezi ya shingo vilipimwa?

---

Mwl_Pangani amejibu:

Ahsanteni sana. Mzee wa Kahama nashukuru pia, najua umesema kwa wema. Dada Saumu umenitoa machozi.

Daktari, kukoroma ndiyo, mume wangu analalamika. Hemoglobini 12.4, tezi haikupimwa.

Nina maswali. Wale wa eko waliniambia picha zangu "hazionekani vizuri kwa sababu ya mafuta". Baiskeli itasaidia nini kama picha hazionekani? Pili, hospitali nyingine niliyoulizia imesema wanaweza kunipima kwa dawa ya sindano inayokimbiza moyo, bila mazoezi. Je, ni sawa na baiskeli? Tatu, presha yangu kila nikipimwa hospitali inakuwa 170 na kitu, nyumbani inakuwa ndogo, na mkanda wao hufunguka wenyewe mkononi.

---

Fundi_Eko_Mwanza amejibu:

Naanza na la tatu kwa sababu ni rahisi na linaumiza watu wengi. Mkanda unaofunguka ni mdogo. Mkanda mdogo hutoa presha ya juu kuliko ilivyo, na mtu anaongezewa dawa asizozihitaji. Pima mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko. Ukizidi sentimita 44, hata mkanda mkubwa wa kawaida hautoshi. Unahitaji ule wa paja. Wakati wa kipimo cha mazoezi presha hupimwa kila hatua, na ikipanda kupita kiasi kipimo husimamishwa. Kwa mkanda mbovu watakusimamisha kwa namba ambayo haipo.

Picha. Kweli mafuta na umbali hudhoofisha mawimbi. Lakini kuna ya kufanya kabla ya kukata tamaa. Tunashusha masafa ya probu. Tunakuomba utoe pumzi yote ushikilie. Tunabadilisha mahali, wakati mwingine nafasi nzuri iko mbavu moja chini ya ile tuliyozoea, na ziwa linahitaji kuinuliwa; mwambie mtaalamu ainue, au uinue mwenyewe kwa mkono, wala usiogope. Na ikiwa vipande viwili au zaidi vya ukuta wa moyo vilivyopakana havionekani, hapo ndipo pa kutumia viputo. Ni viputo vidogo kuliko chembe nyekundu za damu, vyenye gesi isiyoyeyuka upesi, vinachomwa kwenye mshipa wa mkono, vinapita mapafuni na kufika chemba ya kushoto, na ukingo wa moyo unang'aa. Havina ayodini na haviumizi figo. Mzio hutokea mara chache, ndiyo maana hufanyika penye daktari na dawa za dharura. Tena E/e' na kasi ya vali hazitegemei picha nzuri ya ukuta. Mara nyingi nazipata hata kwa mtu ambaye picha yake ni ukungu.

Sindano. Hiyo ni dobutamine. Ni kipimo kizuri kama swali ni mishipa ya moyo kuziba, hasa kwa asiyeweza kukanyaga. Kwa swali lako haifai. Dawa hiyo inaukimbiza moyo na kuulazimisha ukamue, lakini miguu haifanyi kazi, kwa hiyo wimbi la damu linalorudi moyoni kutoka mapajani halipo. Shida yako iko kwenye kupokea damu hiyo. Ukipimwa kwa sindano unaweza ukaambiwa tena kwamba uko mzima.

Ukiwa Dar, uliza JKCI (Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete) pale Muhimbili na hospitali kubwa za binafsi. Usiulize "mna kipimo cha mazoezi", kila mtu atasema ndiyo. Uliza hivi: mna baiskeli ya kulalia yenye eko, inabeba kilo ngapi, na mnapima E/e' na vali ya trikaspidi mtu akiwa anakanyaga? Ikikosekana, hata kutembea kwa dakika sita kwenye korido ya mita 30 ukiwa na kipima oksijeni kidoleni kunatupa kitu cha kuanzia. Hakuna kikomo cha uzito hapo, na hospitali ya wilaya inaweza.

---

Tabibu_wa_Marangu amejibu:

Nakubaliana, na neno moja juu yake. Eko ya baiskeli nayo ina watu inaowakosa. Ikitoka katikati na dalili zinaendelea, kipimo cha mwisho ni katheta inayopelekwa upande wa kulia wa moyo mpaka kwenye mishipa ya mapafu, mtu akikanyaga. Shinikizo la kuujaza upande wa kushoto wa moyo, linalosomwa huko, likiwa milimita 25 za zebaki au zaidi wakati wa mazoezi, linathibitisha. Wachache watafika huko, lakini ujue kipo.

Na kwa Mzee wa Kahama: kupungua ni matibabu, sibishani. Majaribio ya semaglutide (sindano ya kupunguza uzito) kwa wanene wenye tatizo hili yaliyotoka 2023 yalionyesha walitembea mbali zaidi na kujisikia nafuu. Ila dawa kama empagliflozin na dapagliflozin hatuzipangi vizuri bila kujua tunatibu nini, na mwalimu anazihitaji sasa kama tatizo ndilo hilo. Kupungua na kupimwa viende pamoja.

Mwalimu, ukipata maumivu ya kifua, kuzimia, au pumzi kukata ukiwa umekaa, usisubiri miadi. Nenda dharura.

---

Mwl_Pangani amejibu:

Nimepata mahali Dar penye baiskeli, kitanda kinabeba kilo zangu na zaidi, nimepewa nafasi wiki ijayo. Dawa za asubuhi ninywe? Nile? Na nivae nini?

---

Fundi_Eko_Mwanza amejibu:

Alhamdulillah. Amlodipine na losartan kwa kawaida unakunywa kama siku zote, ila mthibitishie daktari aliyekuandikia. Dawa zinazoshusha mapigo ndizo zenye mjadala, na wewe huzitumii. Kula chakula chepesi, muda wa saa tatu hivi kabla ya kipimo. Ukishiba sana tumbo litakubana pale ulipoelezwa na dada Saumu. Vaa blauzi ya vifungo mbele, suruali pana au dera linalokunjika, na viatu vya raba vyenye mkanda. Beba khanga ya kujifunika, vyumba vyetu vina baridi ya kiyoyozi. Paka mafuta kidogo au usipake kabisa kifuani siku hiyo, vibandiko vya ECG hutoka kwa jasho na mafuta, na mistari ikitetemeka hatusomi kitu.

Kabla hujaondoka omba ripoti iwe na haya: wati ulizofikia, mapigo na presha ya kila hatua, E/e' na kasi ya vali ukiwa umetulia na ukiwa kileleni, ubora wa picha, na sababu ya kusimama, kama ni pumzi, paja, goti au kifua. Hiyo sababu ya kusimama waiandike kwa maneno yako mwenyewe.